Hisa zimepunguzwa bila wewe kujua: mwongozo kamili wa mgogoro wa umiliki wa kampuni na wajibu wa wakurugenzi

Migogoro ya kampuni ndogo Tanzania huja kwa sura mbili. Ya kwanza, mtu aliyechangia mtaji anakwenda kuchukua nyaraka BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa ajili ya mkopo au zabuni, anakuta hisa zake zimepungua, au jina halimo kabisa. Ya pili, jina limo na hisa zimo, lakini miaka inapita hajaona gawio, hajaitwa mkutanoni, na mkurugenzi mtendaji ameshafungua kampuni nyingine inayowauzia wateja walewale bidhaa zilezile.

Kisheria haya ni mambo mawili, na kila moja lina kesi yake. Nimeona wenye haki ya wazi kabisa wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu walidai kama wenyewe jambo lililokuwa la kampuni, au walidai hisa wakati karatasi zao zilikuwa zinasema mkopo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu kujua una kesi ya aina gani. Kuifungua ndiyo kazi nyepesi.

Ninafuata Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, iliyotungwa 2002 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2006 kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya 2013 na wakala wake, BPRA. Namba za vifungu ni za sheria kama ilivyotungwa. Sheria zetu zimechapwa upya katika Toleo la Urekebu la 2023, basi kabla hujanukuu kifungu kwenye barua, kilinganishe na toleo jipya.

Tutembee na mfano mmoja. Tuseme mna kampuni ya kukoboa mpunga Kahama, yenye hisa 1,000. Mwenzenu mmoja, ambaye ndiye mkurugenzi mtendaji, ana 400. Wewe una 300 na wa tatu ana 300. Kampuni ina kiwanja, mashine mbili na akaunti ya benki. Wewe unaishi Dar es Salaam na huingii kwenye uendeshaji wa kila siku.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi kabla hujasema neno

Ukishagundua tatizo, usianze na ujumbe wa hasira kwenye kundi la WhatsApp la wanahisa. Ujumbe huo utafanya mambo mawili: utamwamsha aliyekosea aanze kupanga kumbukumbu zake, na baadaye utasomwa mahakamani. Anza na upekuzi rasmi BRELA. Unaomba kupitia mfumo wao wa usajili wa mtandaoni, unalipa ada, unapata taarifa ya wanahisa na wakurugenzi wa sasa. Usiishie hapo. Omba nakala zilizothibitishwa za kila waraka uliowasilishwa tangu kampuni isajiliwe: katiba ya kampuni, taarifa za utoaji wa hisa, hati za kuhamisha hisa, mabadiliko ya wakurugenzi, na taarifa za mwaka. Taarifa za mwaka zinasaidia sana kwa sababu ukizipanga kwa miaka utaona ni mwaka gani hasa namba zako zilibadilika.

Fungua ukurasa wa mwisho wa katiba. Hapo kuna majina ya waanzilishi, idadi ya hisa ambayo kila mmoja alikubali kuchukua, saini zao na saini ya shahidi. Ikiwa jina lako liko pale, umeanza vizuri, maana sheria inamhesabu mwanzilishi aliyesaini katiba kuwa amekubali kuwa mwanahisa.

Kisha lije suala la daftari. Wengi wanadhani orodha ya BRELA ndiyo daftari la wanahisa. Sivyo. Daftari la wanahisa linatunzwa na kampuni yenyewe, na kuandikwa ndani yake ndiko kunakomfanya mtu awe mwanahisa. BRELA inapokea taarifa ya kilichotokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kama kuna mahali methali hiyo inafaa kuliko hapa, kwa sababu kampuni nyingi za familia na marafiki hazijawahi kuwa na kitabu hicho hata siku moja. Mwanahisa ana haki ya kulikagua, basi andika barua ya kuomba. Kampuni ikijibu kwamba hakuna daftari, jibu hilo la maandishi ni ushahidi mzuri kwako, kwa sababu sheria inaitaka kampuni iwe nalo.

Pasipo daftari, mahakama hutazama vingine: katiba, cheti cha hisa, mihutasari ya vikao, taarifa za mwaka, na fedha zilipita wapi. Hapo kwenye fedha ndipo watu wengi huumia. Ulituma shilingi milioni 60 za kununua mashine ya pili. Zilikuwa za nini? Kama bodi haikupitisha azimio la kukupa hisa, na hukupewa cheti wala jina lako kuongezewa hisa, kampuni itasema ule ulikuwa mkopo wa mwanahisa, na kuna uwezekano mkubwa itaaminika. Kutoa fedha hakumfanyi mtu kuwa mwenye hisa. Tazama hesabu zilizokaguliwa za mwaka ule: je, fedha zako zimeandikwa kwenye mtaji au kwenye madeni? Kama ni madeni, dai lako ni la mkataba, na ukomo wake, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, ni miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Unaweza kulipwa deni lote na bado usipate hata hisa moja ya kampuni iliyokua kwa fedha hizo.

Hatua ya pili: tafuta hisa zilitokaje

Hisa hazipotei zenyewe. Kuna njia chache tu, na kila njia inaacha alama zake.

*Uhamisho.* Lazima pawe na hati ya kuhamisha yenye saini ya anayetoa. Lazima bodi iidhinishe. Na kabla BRELA haijasajili uhamisho, TRA lazima iwe imeshughulikia kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu. Alama hii ya tatu wengi huisahau. Uliza: nani alikwenda TRA? Alitangaza bei gani? Nani alilipa? Ukikuta hisa zako 300 katika kampuni yenye kiwanja na mashine mbili "ziliuzwa" kwa shilingi laki tatu, na risiti ya kodi imelipwa kwa simu ya mkurugenzi mtendaji, una maswali ambayo mtu wa upande wa pili hatayapenda.

Kama saini si yako, kusanya saini zako halisi za kipindi kilekile: fomu za benki, mikataba ya kazi, hati ya kusafiria. Saini ya leo uliyoandika kwa ajili ya kesi ina uzito mdogo. Angalia tarehe na mahali hati iliposainiwa. Mhuri wa uhamiaji unaoonyesha ulikuwa nje ya nchi siku hiyo unafanya kazi kuliko kurasa kumi za maelezo. Mtafute wakili aliyeshuhudia saini: je, yumo kwenye orodha ya mawakili na alikuwa na leseni mwaka ule? Je, anakumbuka kukuona?

Tahadhari moja. Ukidai kughushi katika kesi ya madai, kiwango cha uthibitisho kinapanda. Tangu shauri la *Ratilal Gordhanbhai Patel v Lalji Makanji* la 1957, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba madai ya ulaghai yanahitaji uthibitisho mzito kuliko wa kesi ya madai ya kawaida, ingawa haufiki ule wa jinai. Kama una hoja nyingine inayotosha, kwa mfano kwamba bodi haikuwahi kukaa, itangulize hiyo. Usibebe mzigo wa kughushi bila sababu.

*Utoaji wa hisa mpya.* Huu ndio ujanja wa wajanja, kwa sababu hauhitaji saini yako popote. Hisa zako 300 zinabaki 300. Bodi, yaani mkurugenzi mtendaji na mtu wake mmoja, inakaa na kutoa hisa mpya 1,500 kwa mke wa mkurugenzi. Jumla sasa ni 2,500. Ulikuwa na asilimia 30, umebaki na asilimia 12. Na si asilimia tu iliyopotea. Azimio maalumu, lile la kubadili katiba kwa mfano, linahitaji robo tatu ya kura. Ukiwa na asilimia 30 ungeweza kulizuia peke yako. Ukiwa na 12 huwezi, hata ukiungana na mwenzako wa tatu ambaye naye ameshuka hadi 12.

Uliza mambo matatu kuhusu hisa hizo mpya. Je, fedha ziliingia kweli? Taarifa ya benki ya mwezi ule itajibu. Je, katiba inataka hisa mpya zitolewe kwanza kwa wanahisa waliopo kwa uwiano wao? Katiba nyingi zina kifungu hicho na hakuna aliyewahi kukisoma. Na je, zilitolewa kwa lengo gani? Swali hili la mwisho lina shauri lake maarufu, *Howard Smith v Ampol Petroleum*, lililoamuliwa 1974 na Privy Council, baraza la rufaa la London, kutoka Australia. Wanahisa wawili walishika asilimia 55 ya kampuni. Wakurugenzi wakampa mtu wa tatu hisa mpya zenye thamani ya dola milioni 10. Kampuni ilihitaji fedha kweli, wala wakurugenzi hawakutia kitu mfukoni. Hata hivyo hisa zilifutwa, kwa sababu lengo kuu lilikuwa kuvunja nguvu ya wale wenye asilimia 55. Kwa hiyo mkurugenzi mtendaji akikwambia "kampuni ilikuwa na shida ya fedha", hajamaliza kujibu.

*Jina la kuazima.* Uliandikisha hisa kwa jina la shemeji kwa sababu ulikuwa mtumishi wa umma, au kwa sababu mwenzako ni mgeni na mlitaka kampuni ionekane ya wazawa. Sasa shemeji anasema hisa ni zake. Hapa nisikufiche, hali ni ngumu. Daftari la wanahisa haliingizi amana za siri, yaani makubaliano kwamba mtu ameshika hisa kwa niaba ya mwingine, na kampuni inamtambua aliyeandikwa. Dai lako ni dhidi ya shemeji, na utahitaji hati ya amana au maandishi mengine ya wakati ule. Tena tangu marekebisho ya 2020 na kanuni za 2021, kampuni zinatakiwa kutaja BRELA wamiliki manufaa wake, yaani watu halisi wanaonufaika na hisa hata kama jina lililoandikwa ni la mwingine. Kama taarifa hizo ziliwasilishwa bila jina lako nawe ukakaa kimya, utaulizwa kwa nini.

*Mirathi.* Baba amefariki, watoto wanajiona wanahisa. Bado. Anayeweza kuifuata kampuni ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Anapeleka uteuzi wake kwa kampuni, anaomba kuandikishwa au kuhamishia warithi, na kampuni ikikataa anakuwa na sababu ya kwenda mahakamani. Wakurugenzi waliobaki mara nyingi hutumia pengo hili kuitisha mikutano wakiwa peke yao, basi msimamizi asisubiri kugawa nyumba na mashamba kwanza.

Hatua ya tatu: nani aliyekosewa, wewe au kampuni?

Swali hili linaua kesi nyingi kuliko ukosefu wa ushahidi. Kampuni ni mtu kisheria. Mkurugenzi akiiba mpunga wa kampuni, aliyeibiwa ni kampuni, na kampuni ndiyo inayodai. Kanuni hii inatoka kwenye *Foss v Harbottle*, shauri la Uingereza la 1843 ambapo wanahisa wawili waliwashtaki wakurugenzi kwa kutumia vibaya mali ya kampuni, wakaambiwa mdai sahihi ni kampuni yenyewe. Sheria yetu ya mapokeo inaingiza sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hivyo shauri hilo limo ndani kabisa, na mawakili wa upande wa pili wanalipenda sana.

Wajibu wa wakurugenzi uko kwenye kifungu cha 182 na vinavyofuata: kutenda kwa nia njema na kwa manufaa ya kampuni, kuzingatia maslahi ya wafanyakazi, kutumia mamlaka kwa lengo ambalo yalitolewa, na, kifungu cha 185, kuwa na uangalifu na umakini. Pia mkurugenzi mwenye maslahi kwenye mkataba wa kampuni lazima ayatangaze kwa bodi. Wajibu huo anaudaiwa na kampuni, haudaiwi na mwanahisa mmoja mmoja. Tofautisha basi. Kupunguza hisa zako au kukunyima taarifa ya mkutano kunakugusa wewe moja kwa moja. Kuuza mashine kwa bei ya kutupa kunaigusa kampuni.

Zabuni iliyohamishiwa kwenye kampuni binafsi ya mkurugenzi nayo inaigusa kampuni. *Cook v Deeks*, la 1916 kutoka Kanada, lilihusu jambo hilohilo: wakurugenzi watatu wa kampuni ya ujenzi walichukua mkataba wa reli kwa majina yao ili kumwacha nje mwenzao wa nne, kisha wakatumia kura zao nyingi kupitisha azimio kwamba kampuni haina haja na mkataba huo. Mahakama ilisema mkataba ni mali ya kampuni, na wenye wingi wa kura hawawezi kujipa zawadi ya mali ya kampuni.

Baada ya kujua nani amekosewa, chagua njia.

Kifungu cha 233 kinamruhusu mwanahisa kuomba amri pale mambo ya kampuni yanapoendeshwa kwa namna inayowaumiza wanahisa isivyo haki. Mahakama inaweza kuelekeza kampuni iendeshwe vipi, kuzuia kitendo, kuruhusu kesi ifunguliwe kwa jina la kampuni, au kuamuru hisa zako zinunuliwe na wenzako au na kampuni. Kwa mwanahisa mdogo wa kampuni ya watu wachache, hii ndiyo njia yenye manufaa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa mfano wetu wa Kahama.

Kifungu cha 234 ni cha kesi kwa niaba ya kampuni. Unahitaji kwanza kibali cha mahakama, na ili ukipate uonyeshe uliwapa wakurugenzi taarifa ya kutosha, una nia njema, na kesi inaonekana kuwa na manufaa kwa kampuni. Ukishinda, fedha zinaingia kampuni. Fikiria hilo: utalipa wakili kwa miaka miwili ili fedha zirudi kwenye akaunti ambayo mtu yuleyule bado anaisaini, usipomwondoa.

Kurekebisha daftari ni kwa aliyefutwa jina au aliyeandikiwa pungufu bila sababu. Na mwisho kabisa kuna kifungu cha 279, kuvunja kampuni kwa sababu ni haki na sawa kufanya hivyo. Wenye biashara za familia wanapaswa kulijua shauri la *Ebrahimi v Westbourne Galleries*, lililoamuliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wawili walifanya biashara ya mazulia kwa ubia, wakaigeuza kampuni. Mmoja akamleta mwanawe, kisha baba na mwana wakatumia kura kumwondoa mwenzao kwenye ukurugenzi. Kisheria walikuwa na kura za kutosha. Kampuni ilivunjwa hata hivyo, kwa sababu ilijengwa juu ya kuaminiana na maelewano kwamba wote wataendesha. Lakini kuvunja ni silaha ya mwisho: kiwanja kinauzwa, mashine zinauzwa, benki na wafanyakazi wanalipwa kwanza, ninyi mnagawana kilichobaki.

Hatua ya nne: tumia mkutano wa kampuni yenyewe

Kabla ya mahakama, hesabu kura. Katika mfano wetu, kabla ya hisa 1,500 kutolewa, wewe na mwenzako wa tatu mlikuwa na 600 kati ya 1,000. Mlikuwa wengi bila kujua! Kifungu cha 134 kinawapa wanahisa wenye sehemu ya kumi ya mtaji uliolipwa na wenye haki ya kura uwezo wa kudai mkutano mkuu maalumu. Mnaandika hoja, mnasaini, mnaiwasilisha kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni. Wakurugenzi wana siku 21 kuuitisha, wasipofanya hivyo waliodai wanaweza kuuitisha wenyewe. Hata ukiwa na asilimia 12 tu, dirisha hili liko wazi kwako.

Mkurugenzi anaondolewa kwa azimio la kawaida chini ya kifungu cha 193, yaani zaidi ya nusu ya kura, lakini kwa taarifa maalumu ya siku 28, na lazima apewe nafasi ya kujitetea mkutanoni. Watu huipuuza haki hiyo ya kujitetea kwa sababu kura zao zinatosha. Ndiyo inayofuta maazimio mengi. Mwache aseme, andika alichosema kwenye muhtasari, kisha pigeni kura. Kumbuka pia kwamba anabaki na hisa zake, na anaweza kudai haki zake za ajira.

Kama mwenzako anagoma kuja ili akidi isitimie, kifungu cha 137 kinairuhusu mahakama kuamuru mkutano ufanyike kwa namna itakayoona inafaa, hata kuhesabu mtu mmoja kuwa mkutano.

Na mkitaka kampuni yenyewe ifungue kesi, pitisheni azimio la bodi kwanza. Kanuni ya shauri la Uganda la 1970, *Bugerere Coffee Growers v Sebaduka*, inaendelea kuziangusha kesi hapa kwetu, na Mahakama ya Rufani iliifuata katika shauri la *Simba Papers Converters*: wanahisa na wakurugenzi wanapogombana, anayefungua kesi kwa jina la kampuni aonyeshe idhini ya kampuni. Karatasi moja ya azimio inaokoa miaka.

Hatua ya tano: barua

Barua nzuri ni fupi, inataja nyaraka kwa tarehe, na inaomba vitu vinavyoweza kutolewa. Kitu kama hiki:

"Upekuzi wa BRELA wa tarehe fulani unaonyesha hisa 1,500 zimetolewa kwa fulani. Kama mwanahisa mwenye hisa 300, sikupokea taarifa ya mkutano wala ofa ya hisa hizo. Naomba ndani ya siku 14 nipatiwe: muhtasari na azimio la bodi lililoidhinisha utoaji huo, uthibitisho wa benki wa malipo ya hisa hizo, nakala ya daftari la wanahisa, na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita. Naomba pia kampuni isihamishe wala kuweka rehani kiwanja chake hadi suala hili litatuliwe."

Hakuna neno "mwizi" humo, na liendelee kutokuwemo. Iandikie kampuni kwa anwani iliyosajiliwa na nakala kwa kila mkurugenzi, upate saini ya kupokelewa au risiti ya posta. Barua hiyohiyo itakuwa taarifa yako ya awali kwa wakurugenzi kama utakwenda kwa kifungu cha 234.

Tuma nakala kwa Msajili wa Makampuni. Msajili si hakimu na hataamua nani mwenye hisa, lakini ni vizuri kumbukumbu zake zionyeshe kuna mgogoro kabla mabadiliko mengine hayajawasilishwa. Kwa benki uwe mwangalifu zaidi. Benki ikisikia kuna wakurugenzi wanaogombana inaweza kuifunga akaunti, na Ijumaa ikifika vibarua wa mashine hawana mshahara. Omba saini mbili badala ya kufungwa, kama inawezekana.

Kuhusu polisi: kughushi na kuwasilisha nyaraka za uongo ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na una haki ya kuripoti. Ila wanaokimbilia polisi kwanza, wakitumaini mwenzao akilala mahabusu usiku mmoja atarudisha hisa, mara nyingi huambiwa jambo hili ni la madai. Miezi imekwenda, na mwenzao ameshajipanga.

Hatua ya sita: mahakamani

Soma kwanza katiba na mkataba wa wanahisa, kama mnao. Ukiwepo usuluhishi ndani yake, upande wa pili utaomba kesi isimamishwe iende kwa msuluhishi, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020.

Maombi haya hupelekwa Mahakama Kuu. Divisheni ya Biashara ipo tangu 1999 na imeyazoea. Muda ndio mtego: chini ya Sheria ya Ukomo, maombi ambayo hayakutajiwa muda wowote yana siku 60 tu. Upande wa pili utajaribu kuliingiza ombi lako kwenye kapu hilo, kwa kuhesabu tangu siku ulipojua. Hivyo tarehe ya upekuzi wako BRELA ina maana kubwa, na mwanahisa aliyejua mwaka jana akanyamaza kwa heshima ya undugu anaanza na kikwazo.

Pamoja na ombi kuu, omba zuio la muda ili kiwanja kisiuzwe wakati mnasubiri. Vigezo ni vile vya *Atilio v Mbowe* la 1969: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, utapata hasara isiyofidika, na madhara ya kukunyima zuio ni makubwa kuliko ya kukupa. Kigezo cha pili ndicho kinachoangusha wengi. Ukisema tu utapoteza fedha, utaambiwa fedha hufidiwa. Eleza badala yake kwamba kiwanja kikiuzwa kampuni haina tena biashara ya kufanya.

Wewe ukiwa ndiye mkurugenzi unayeshtakiwa, kinga yako ni muhtasari wa kikao wenye sababu. Bodi iliyoandika kwa nini fedha zilihitajika, njia gani nyingine zilizingatiwa, nani alitangaza maslahi na kutoka nje wakati wa kura, inaaminika. Bodi yenye muhtasari uliochapwa baada ya barua ya madai haiaminiki, na programu ya kompyuta huhifadhi tarehe faili lilipoundwa.

Kwa msomaji wa Kenya, mpangilio unafanana ila vifungu vinatofautiana: Sheria ya Kampuni ya 2015, kifungu cha 780 kwa uendeshaji unaoumiza wanahisa, 238 na kuendelea kwa kesi za niaba ya kampuni, na wajibu wa wakurugenzi kuanzia 140. Badala ya upekuzi wa BRELA utachukua CR12 kupitia eCitizen.

Mkifika kwenye kuuziana

Migogoro mingi huishia kwa mmoja kumnunua mwingine, basi bishaneni mapema kuhusu thamani. Tarehe ya tathmini inabadilisha kila kitu: kabla ya utoaji wa hisa 1,500 au baada? Hesabu hisa zako kama asilimia 30 au 12? Je, kiwanja kinathaminiwa na mthamini kwa bei ya soko au kinachukuliwa kwa bei ya vitabuni ya mwaka mlionunua? Wanunuzi hupenda kupunguza bei kwa hoja kwamba hisa chache hazina nguvu. Mahakama za Uingereza, katika kampuni zilizo kama ubia, mara nyingi zimekataa punguzo hilo, kwa sababu muuzaji hakuchagua kuondoka, na hoja hiyo inafaa kutumiwa hapa pia.

Andikeni makubaliano yataje bei, tarehe ya malipo, nani analipa kodi TRA, kujiuzulu ukurugenzi, na kufutwa kwa kesi zote. Kisha kabla ya kusaini, kumbuka dhamana. Kama miaka ile mliyokopa benki ulisaini dhamana binafsi, kuuza hisa hakukutoi. Benki ndiyo inayopaswa kukuachilia kwa maandishi, na barua hiyo ya benki iwe mezani siku ya kusaini, pamoja na hundi.